Mashine ni yako, mchoro ni wa nani? Historia fupi ya kudarizi nyumbani

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za programu na Linux. Leo tutaweka hayo kando kidogo, tuzungumze kuhusu sindano na uzi. Usiondoke! Ukivumilia hadi katikati utakutana na baiti, biti na faili, tena za aina ambayo huenda hujawahi kuiona.

Mambo yalianza nyumbani. Mama yangu ni fundi cherehani. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameshona sare za shule: sketi, kaptura, mashati, na sweta ananunua tayari. Kazi moja tu ndiyo iliyokuwa ikimshinda, nayo ni beji. Beji za sweta alikuwa akizipeleka kwenye duka moja mjini lenye mashine kubwa ya kudarizi. Mara ya kwanza alilipa pesa za kutengenezewa "faili" ya beji, kisha akawa analipa kwa kila sweta. Ikafika Januari moja, wiki ya kufungua shule, duka likapandisha bei. Mama akasema, haya, nipeni ile faili yangu niende kwingine. Akajibiwa kwamba faili ni ya duka.

Jioni hiyo aliniuliza, "Mwanangu, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Hebu niambie, hiyo faili ni kitu gani hasa? Mimi nimelipia kitu gani?"

Nilikosa jibu la maana. Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyogundua kwamba swali la mama lina umri wa karibu miaka mia mbili. Wadarizi wa Uswisi walikuwa wakiliuliza hata kabla ya taa ya umeme.

Sindano yenye ncha mbili

Kudarizi (wengine husema kutarizi) ni kazi ya kale mno, na kwa karne nyingi ilikuwa kazi ya mkono peke yake. Kitambaa kinakazwa kwenye fremu, sindano inapita juu, inapita chini, na mtu anahesabu michomo yake kwa subira.

Mwaka 1828, katika mji wa Mulhouse huko Alsace, Ufaransa, mtu aliyeitwa Josué Heilmann alibuni mashine ya kufanya kazi hiyo. Tazama alivyofikiri. Sindano ya kawaida ina ncha upande mmoja na tundu upande mwingine, kwa hiyo kila ikipita kitambaani lazima igeuzwe. Mkono hugeuza bila shida, lakini mashine hushindwa. Heilmann akatumia sindano yenye ncha pande zote mbili, na tundu la uzi katikati. Koleo ndogo za upande mmoja zinaisukuma, koleo za upande wa pili zinaipokea na kuivuta, kisha inarudi ilikotoka bila kugeuzwa. Ukipanga sindano mamia kwa mstari mmoja, zote zinafanya kitu kile kile kwa wakati mmoja.

Sasa, nani anaziambia sindano ziende wapi? Hapa ndipo mtu wa programu anapoanza kutabasamu. Mbele ya mdarizi palikuwa na ubao wima uliobandikwa mchoro mkubwa, uliokuzwa mara sita. Kwa mkono wa kushoto mdarizi alishika ncha ya pantografu (kile chombo cha vijiti vilivyounganishwa ambacho hunakili mchoro kwa kipimo kidogo au kikubwa) akaipeleka kwenye nukta ya kwanza ya mchoro. Fremu nzima ya kitambaa ikasogea sehemu moja ya sita ya umbali ule. Kwa mkono wa kulia akazungusha mpini, kwa miguu akakanyaga pedali za kufungua na kufunga koleo. Mchomo mmoja. Akasogea nukta ya pili. Mchomo wa pili.

Ona jambo moja muhimu: sindano hazisogei kushoto wala kulia. Kitambaa ndicho kinachosogea. Mashine ya kudarizi unayoweza kununua leo bado inafanya hivyo hivyo.

Mashine iliyoingia nyumbani

Mashine ya Heilmann haikuleta faida haraka. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini, na kazi iliyoifanya itumike kweli ilifanyika St. Gallen, mashariki mwa Uswisi, ambako Franz Rittmeyer na fundi wake Franz Vogler waliiboresha katika miaka ya 1850. Baada ya hapo biashara ikalipuka. Lesi na nakshi za St. Gallen zikaanza kuvuka bahari kwenda Marekani.

Mwanzoni mashine zilikuwa kwenye viwanda. Kisha zikaanza kuhamia kwenye nyumba za wakulima. Familia ilijenga chumba pembeni au ikachimba chini ya nyumba, ikaweka chuma kirefu chenye sindano zipatazo mia tatu (idadi ya kawaida ilikuwa 312), na baba akawa mdarizi wakati ng'ombe wakilishwa na wengine. Ukisikia watu wanasema "kufanya kazi ukiwa nyumbani" ni uvumbuzi wa enzi ya intaneti, waambie wakaulize Uswisi.

Lakini hebu tuangalie hesabu ya nyumba hiyo. Mashine ilikuwa ya familia, mara nyingi imenunuliwa kwa mkopo. Mchoro ulikuwa wa mfanyabiashara wa mjini. Kitambaa kilikuwa cha mfanyabiashara. Bei ilipangwa na mfanyabiashara, na kati yake na mdarizi palikuwa na dalali aliyeleta kazi na kuipokea. Kosa likionekana, pesa zikakatwa. Soko likilala, mfanyabiashara aliacha tu kutuma kazi, naye mdarizi akabaki na deni la mashine.

Tena kulikuwa na watoto. Kila sindano ilibeba kipande kifupi tu cha uzi. Uzi ukiisha, sindano zote zilipaswa kutungwa upya, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na watoto. Mwaka 1877 Uswisi ilipitisha sheria ya viwanda iliyokataza kuajiri watoto chini ya miaka 14 na kuweka kikomo cha saa 11 za kazi kwa siku. Sheria nzuri! Ila ilihusu viwanda. Chumba cha chini cha nyumba ya mkulima hakikuwa kiwanda. Mtoto aliyekatazwa kutunga sindano kiwandani aliweza kuzitunga nyumbani kwao kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi, na hapakuwa na mkaguzi wa kuingia humo.

Mashua ndogo na kadi zenye matundu

Wakati huo huo cherehani ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Cherehani hutumia nyuzi mbili, mmoja juu na mwingine chini kwenye bobini, na nyuzi hizo hukabana ndani ya kitambaa. Uzi hauishi baada ya mita moja, bali unaendelea kutoka kwenye kibonge. Mwaka 1863 Isaak Gröbli wa Oberuzwil, si mbali na St. Gallen, alileta wazo hilo kwenye mashine ya kudarizi. Kwa uzi wa nyuma alitumia kishutuli chenye umbo la mashua, na kwa Kijerumani cha Uswisi mashua ndogo huitwa Schiffli. Jina hilo ndilo la mashine hiyo mpaka leo. Kazi ya kutunga mamia ya sindano kila mara ikapungua sana.

Bado palibaki mtu na pantografu yake, akigusa nukta baada ya nukta siku nzima. Mwishoni mwa karne ya 19 mwana wa Gröbli, Joseph Arnold, alitengeneza otomati: mashine inayosoma mchoro kutoka kwenye kadi zenye matundu. Wazo la kadi halikuwa geni, kwani Joseph-Marie Jacquard alikuwa amezitumia kwenye mitambo ya kufuma mwanzoni mwa karne hiyo. Kadi hizo hizo ndizo Charles Babbage alizitaka kwa mashine yake ya kukokotoa, na ndizo Herman Hollerith alizotumia kuhesabu sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Kwa hiyo unapoandika programu leo, wewe ni mjukuu wa mfumaji, na jirani yako mwenye mashine ya kudarizi ni binamu yako :-)

Lakini angalia kilichotokea kwa mdarizi. Zamani ujuzi ulikuwa mkononi mwake: alisoma mchoro, akajua mahali pa kukaza na mahali pa kulegeza. Sasa ujuzi ule ulihamia kwa mtu mmoja aliyekaa mjini akitoboa kadi. Kadi moja iliweza kuendesha mashine nyingi, leo, kesho na mwakani. Anayemiliki kadi ndiye anayemiliki kazi.

Kufikia mwaka 1910 hivi nakshi ndiyo bidhaa iliyoongoza katika mauzo ya Uswisi nje ya nchi, na eneo la St. Gallen lilitoa karibu nusu ya nakshi zote za mashine duniani. Kisha ikaja vita ya mwaka 1914. Baada ya vita mitindo ya mavazi ilibadilika, wanawake wakaacha lesi nyingi, na biashara ikaanguka. Katika miaka ya 1920 mashine nyingi zilivunjwa zikauzwa kama vyuma chakavu. Wafanyabiashara wengi walipata hasara, ni kweli. Lakini fikiria yule aliyekuwa na mashine ya mkopo ndani ya nyumba, bila mchoro hata mmoja ulio wake.

Nilipomsomea mama sehemu hii aliweka sindano chini akasema, "Kumbe hawa ni sisi."

Cherehani ya kawaida nayo haikulala

Wakati viwanda vikishindana, kulikuwa na njia nyingine ya kudarizi nyumbani ambayo haikuhitaji kadi wala dalali. Kampuni ya Singer, ili kuuza cherehani zaidi, ilifundisha watu kudarizi kwa cherehani ile ile ya kushonea nguo, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikatoa hata kitabu cha mafunzo. Unaondoa kile kiatu kinachokandamiza kitambaa, unazuia yale meno yanayosukuma kitambaa yasifanye kazi, unakaza kitambaa kwenye fremu ya duara, kisha unakisogeza kwa mikono yako miwili huku sindano ikienda juu na chini.

Kwa lugha yetu, wewe mwenyewe ndiye pantografu. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki wameandika majina na maua kwa njia hii kwa miaka mingi, na fundi hodari wa njia hii anashangaza kumtazama. Kama una cherehani nyumbani, unaweza kuanza leo bila kununua kitu zaidi ya fremu.

Tarakimu zinaingia

Katika miaka ya 1960 na 1970 kazi ilihamia Japani na Marekani. Tajima ya Nagoya ilijenga mashine zenye vichwa vingi, kila kichwa kikidarizi nguo yake. Kampuni ya Melco, iliyoanzishwa Colorado mwaka 1972, na Wilcom, iliyoanzishwa Sydney mwaka 1979, zikawa miongoni mwa waliotoa mchoro kwenye ubao na kuuingiza kwenye kompyuta. Kadi zikawa utepe wa karatasi wenye matundu, utepe ukawa diski, diski ikawa faili.

Na hapa ndipo nilipompatia mama jibu lake. Faili inayotumika sana kwenye mashine za biashara inaitwa DST, ni ya Tajima, na ni kitu rahisi ajabu. Mwanzo wake ni baiti 512 za maelezo: jina la mchoro, idadi ya michomo, ukubwa. Baada ya hapo kila mchomo ni baiti tatu. Basi. Hakuna picha ndani yake, wala rangi. Ni orodha ya amri: sogea kulia kiasi hiki, sogea juu kiasi hiki, choma. Sogea, choma. Mahali pa kubadilisha uzi pana amri ya kusimama, lakini faili haijui kama uzi unaofuata ni mwekundu au wa kijani. Hilo ni juu yako.

Wapenzi wa biti, sikilizeni hii. Kila umbali unaandikwa kwa vipimo vitano: 1, 3, 9, 27 na 81, ambapo kizio ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Kila kipimo kinaweza kujumlishwa, kutolewa, au kuachwa. Ni kama mizani ya duka ya sahani mbili. Ukitaka kupima 5 huna jiwe la 5. Unaweka jiwe la 9 upande mmoja, na la 3 na la 1 upande wa pili pamoja na bidhaa: 9 toa 3 toa 1 ni 5. Kwa mawe hayo matano unapata namba yoyote hadi 121, na ndiyo maana amri moja ya DST haiwezi kusogea zaidi ya milimita 12.1 kwa upande mmoja. Ukitaka kuruka mbali zaidi, unaruka mara kadhaa. Kulia na kushoto ni biti kumi, juu na chini ni biti kumi, na kati ya nne zinazobaki, mbili zina kazi ya kuonyesha kama ni mchomo, kuruka, au kusimama. Jumla 24. Baiti tatu.

Beji ya shule ya mama ina michomo kama 9,000. Zidisha kwa tatu, ongeza 512: baiti 27,512. Picha moja ya simu inaishinda faili hii mara mia. Kitu alichonyimwa mama kingetosha kwenye diski laini za zamani mara hamsini.

Kwa hiyo alilipia nini? Alilipia ujuzi wa mtu aliyekaa akaamua: herufi hizi zishonwe kwa mchomo wa satini, yaani nyuzi ndefu zilizolala pamoja, ngao ijazwe kwa safu, mstari huu uanze hapa ili uzi usikatwe mara kumi. Kutengeneza faili hizo watu wa Ulaya bado hukuita "kutoboa", ingawa hakuna kadi tena. Ni kazi halali na inastahili malipo. Ila tayari alikuwa ameilipia.

Mashine inarudi nyumbani

Mwaka 1979 Janome ya Japani ilitoa cherehani ya nyumbani yenye kompyuta ndani. Mwaka 1990 ikatoa Memory Craft 8000, ambayo ilileta udarizi wa kompyuta kwa mtu wa nyumbani. Unachomeka kadi ya kumbukumbu, unachagua ua, mashine inalidarizi yenyewe.

Lakini tazama: kadi ile ilikuwa na michoro iliyotengenezwa tayari na kampuni. Ukitaka mchoro wako mwenyewe, ulihitaji programu, nayo ilikuwa ghali. Kila kampuni ikawa na aina yake ya faili: Brother wana PES, Janome wana JEF, Melco wana EXP. Nyumba ilikuwa imepata mashine tena, na michoro ilikuwa kwa mwingine tena. Uswisi ya mwaka 1880 imevaa nguo mpya.

Watu hawakukosa ubunifu. Mwaka 2001 kampuni ya Jaguar ya Japani iliuza mashine ya kudarizi iliyoendeshwa na Game Boy, ile ya kuchezea michezo, pamoja na kaseti ya kudarizi sura za Mario na wenzake. Sijatania. Mtoto anachomoa kaseti ya mchezo, mama anachomeka kaseti ya nakshi.

Mlango ulifunguka kweli pale waandishi wa programu huria walipozisoma hizo faili baiti kwa baiti na kuandika jinsi zilivyopangwa. Leo kuna Ink/Stitch, nyongeza ya bure ya programu ya kuchora iitwayo Inkscape, inayofanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Imeandikwa kwa Python. Unachora ngao yako, unaiambia sehemu hii ijazwe, mstari huu uwe satini, kisha inakutolea DST, PES, JEF, chochote mashine yako inachokula.

Ukitaka kuanza

Yafuatayo nimejifunza kwa kuharibu nguo. Beji yangu ya kwanza ilijisokota uzi chini kama nywele zisizochanwa mwezi mzima. Ya pili, duara likatoka kama yai.

Kwanza, mashine. Ya nyumbani huwa na sindano moja, na eneo la kudarizi la ndogo kabisa ni sentimita 10 kwa 10. Kwa beji na majina linatosha. Kabla ya kununua, uliza mashine inasoma faili gani na kwa njia gani. Mashine isiyopokea faili yako mwenyewe ni kadi ya mwaka 1990.

Pili, kitambaa cha kuimarisha. Hiki huwekwa chini ya nguo ndani ya fremu, na wanaoanza wengi hukipuuza. Sweta huvutika, kwa hiyo tumia kile kinachokatwa kwa mkasi na kubaki nyuma ya beji. Kwa kitambaa kigumu kama cha shati, kile cha kuchanika kinatosha.

Tatu, uzi na sindano. Uzi wa juu wa polista wa namba 40, uzi wa bobini mwembamba zaidi, sindano ya 75/11. Sindano ni rahisi kuliko sweta, ibadilishe mapema.

Nne, kumbuka kwamba uzi unavuta. Kila mchomo unakaza kitambaa kidogo kuelekea upande wa nyuzi, ndiyo maana duara langu lilikuwa yai. Programu ina sehemu ya kufidia mvuto huo. Ongeza upana kidogo. Acha nafasi ya milimita 0.4 hivi kati ya safu. Ukibana zaidi kitambaa kinakunjamana. Na kabla ya kujaza, tandika michomo michache chini kama msingi wa nyumba.

Tano, jaribu kwenye kitambaa chakavu kinachofanana na nguo yenyewe. Kamwe usijaribu kwenye sweta ya mteja.

Na hesabu muda wako. Kwa mwendo wa michomo 400 kwa dakika, beji ile ya 9,000 inachukua zaidi ya dakika 22, bado hujabadilisha nyuzi. Sweta mia tatu za Januari si kazi ya sindano moja sebuleni. Tuseme ukweli.

Kofia

Huwezi kuzungumza nakshi kwa Kiswahili ukaacha kofia. Lamu, Zanzibar na Oman kuna kofia zinazodariziwa kwa mkono, tundu moja moja, kwa wiki au miezi, na nyingi hushonwa na wanawake nyumbani kwao. Leo kando yake sokoni kuna kofia za mashine, kwa bei ndogo kabisa. Mjuzi anazitofautisha kwa kuzigusa, wengi wetu hatuwezi. Michoro ile ilibuniwa na mikono ya watu, ikakaa vichwani mwao, na sasa kofia moja ikipigwa picha inaweza kuwa faili kwa siku moja. Mshonaji wa kofia hakupewa chochote. Mimi ninayesifu programu huria sina jibu jepesi hapa, na ningependa kusikia kutoka kwenu mlioko pwani.

Faili ya mama

Ilinichukua wiki tatu za jioni kutengeneza beji ile. Mama ndiye aliyekuwa mkaguzi: "Hiyo herufi R inachechemea. Hilo jani halifanani." Nikarekebisha. Siku iliyokubaliwa, tulifanya sweta chache nyumbani, na zile mamia tukazipeleka kwenye duka jingine lenye vichwa vingi, tukiwa na faili yetu mkononi. Tukauliza bei katika maduka matatu kabla ya kuchagua. Jambo dogo, lakini hakuwahi kuweza kulifanya.

Kisha akanishangaza. Alinunua flashi mbili. Moja akaiweka kwenye kopo lake la vifungo. Nyingine akaipeleka shuleni kwa mwalimu mkuu pamoja na sweta.

Nikamwambia, "Mama, sasa wakitaka wanaweza kumpa fundi mwingine kazi!"

"Beji ni ya shule," akanijibu. "Mimi ni wa kushona. Wakiona sishoni vizuri, waende. Lakini nisije nikawafanyia niliyofanyiwa."

Mwaka uliofuata shule ilirudi kwake. Sijui kama ni kwa sababu ya mshono au ya flashi, na yeye hajauliza.

Kwa leo naishia hapa. Kama una cherehani inayokusanya vumbi, shusha meno yake ujaribu. Na kama umewahi kulipia faili ukanyimwa, niandikie. Tuonane wakati mwingine, Mungu akipenda.